Namna ya kusikiliza albamu ya muziki usiouzoea

Mtu anayezima albamu ngeni kwake kwenye wimbo wa pili mara nyingi hajaichukia, amekosa pa kushika tu. Anasubiri kiitikio, na muziki wenyewe hauna habari na viitikio. Ndiyo maana kabla sijajiuliza kama albamu naipenda, huuliza kwanza: hapa kinachobadilika ni nini? Katika nyimbo nyingi za redioni hubadilika maneno na mahadhi. Kwingine hivyo vyote hukaa palepale, na kinachotembea ni mdundo, au rangi ya sauti, au mwangwi. Ukishakijua, sikio linapata kazi.

Chukua gamelan, kundi la ala linalopigwa kisiwani Bali, Indonesia. Ala zake nyingi ni za shaba za kugonga, na hutengenezwa mbilimbili: moja hupandishwa sauti kidogo sana kuizidi nyenzake, kwa makusudi, ili zikigongwa pamoja sauti itetemeke. Asiyejua husema zimetuniwa vibaya. Mimi naanza na upatu mkubwa, ule wa sauti nzito kuliko zote, kwa kuwa ndio unaofunga mzunguko. Nahesabu kutoka upatu hadi upatu bila kujali yanayopita katikati. Mizunguko kadhaa ikishapita nahamia juu, kwenye ala ndogo za kasi, ambako wapigaji wawili hugawana mstari mmoja: huyu anapiga pale mwenzake anaponyamaza. Jaribu kumfuata mmoja peke yake. Utampoteza, utampata tena, na hapo ndipo kile ulichodhani ni kelele kinaanza kuwa na watu ndani yake.

Njia hiyohiyo inafaa kwa waimbaji wa koo wa Tuva, kusini mwa Siberia. Mwimbaji mmoja hutoa mvumo wa chini usiohama, na juu yake sauti nyembamba mithili ya filimbi. Tuliza sikio kwenye mvumo kwanza. Ukishauzoea, acha lipande lenyewe. Kwenye footwork, muziki wa dansi wa kielektroniki wa Chicago, unaokimbia karibu na mapigo 160 kwa dakika, usihesabu kila pigo. Tikisa kichwa kwa nusu ya mwendo huo, yaani 80, na vipande vilivyokuwa vinakurukia vitapata mahali pa kutua. Singeli ya Dar es Salaam huvuka 200, na nusu yake inachezeka vizuri tu.

Kabla ya kubonyeza, tengeneza mazingira. Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, zima kufifisha mwisho wa wimbo ndani ya mwanzo wa mwingine, na zima nyimbo ambazo programu hujiongezea albamu ikiisha. Mpangilio ni sehemu ya kazi. Santuri ilibeba kama dakika 20 kila upande, na wasanii wengi walipanga upande mzima kama safari moja. Halafu, tafadhali, usitumie spika ya simu. Katika dub ya Jamaika, muziki uliozaliwa na reggae, fundi wa studio kama King Tubby alichukua rekodi iliyokwisha kamilika, akaondoa sehemu kubwa ya uimbaji, akabakiza besi na ngoma, kisha akarudisha vipande vya sauti na mwangwi. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ile, kwa hiyo unakuwa umesikiliza kilichobaki baada ya wimbo kutolewa. Hedifoni za kawaida zinatosha. Kwa albamu za kelele tupu, punguza sauti. Zinafanya kazi hata kwa sauti ndogo, na uwezo wa kusikia ukiharibiwa na kelele kwa kawaida haurudi.

Mara ya kwanza sisomi chochote. Mara ya pili nasoma kwanza: nani, wapi, na muziki huu hufanya kazi gani kwa wenyewe. Hilo la kazi ndilo muhimu kuliko yote. Qawwali ni muziki wa ibada ya Masufi; mstari unarudiwa na kurudiwa ili kumpandisha msikilizaji, hivyo kulalamika kwamba unajirudia ni kulalamikia shabaha yake. Kundi la Konono Nº1 la Kinshasa, kwenye albamu yao Congotronics ya 2004, wanapiga likembe, ala ya vijiti vya chuma inayochezwa kwa vidole gumba, kupitia vipaza sauti vya kujitengenezea, na ule mkwaruzo ni sauti yao halali. Naye mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, alipoandika maelezo ya albamu yake Music for Airports mwaka 1978, alieleza kwamba muziki wa aina hiyo lazima uweze kupuuzwa kwa kadiri ileile unavyovutia. Albamu hiyo basi ipige ukiwa na shughuli zako, kisha siku nyingine ukae nayo.

Maksi sitoi. Naandika dakika na tukio, kwa maneno ya kawaida: "9:40 tabla (ngoma) inaingia, sitar (ala ya nyuzi) inapunguza maneno." Katika raga, muziki wa jadi wa India Kaskazini, sehemu ya mwanzo haina ngoma kabisa na huweza kuchukua dakika nyingi, kwa hiyo alama kama hiyo hukufundisha umbo la kitu kizima kuliko sifa kumi.

Muziki ambao wenyewe walizoea kuutoa wimbo mmoja mmoja, usiulazimishe kuwa albamu. Mikusanyiko ndiyo mlango wake wa kweli. Mfululizo wa Éthiopiques, ulioanza 1997, ulikusanya rekodi nyingi za Ethiopia za miaka ya 1960 na 1970, na mtu anaweza kuishi humo muda mrefu. Ukimpenda mpiga ngoma au fundi wa studio, mfuate yeye kwenye albamu nyingine. Atakupeleka mbali kuliko jina la aina ya muziki.

Usipange aina mbili ngeni mfululizo. Sikio lililotoka kwenye gamelan hulisikia gita kama limekosewa, kwa hiyo liachie kimya kidogo. Na kama baada ya mara ya pili huna hata tukio moja la kuandika, weka albamu kando, chukua nyingine ya jadi hiyohiyo yenye wapigaji wachache zaidi, kisha uirudie ile ya kwanza.