Shira ikifurika kwenye jiko la kioo
Shira au jamu ikifurika juu ya jiko la umeme lenye uso wa kioo, zima jiko, ondoa sufuria, kisha, ukiwa umevaa glavu ya jikoni, ikwangue papo hapo kwa wembe wenye mpini mrefu, ukiuinamisha wembe huo usichore kioo. Sukari ya moto bado ni laini na hutoka kwa urahisi, lakini ikipoa hushikamana na kioo na, inapojikaza, huweza kung'oa vipande vidogo vya uso wake, na vishimo hivyo havizibiki tena. Kitambaa chenye maji kisitumike wakati huo, kwani mvuke wake huunguza. Jiko la koili halikwanguliwi hivi. Na kioo kikiwa na ufa, usikiguse kabisa, kata umeme kwenye swichi ya ukutani.