Namna ya Kuacha Atenolol, Propranolol na Dawa za Kundi Lao bila Kuutikisa Moyo

Mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa ukienda mbio au kupiga bila mpangilio, akishatulizwa na atenolol, propranolol, bisoprolol au metoprolol, hufika siku akajiona amepona na kutaka kuziacha. Asiziache siku hiyo. Dawa hizi, zinazoitwa beta-bloka, huzuia adrenalini isiuharakishe moyo, na zikitumika kwa muda mrefu mwili huongeza vipokezi vya adrenalini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, ili kufidia. Zikikatwa ghafla, adrenalini ile ile ya kila siku huvikuta vipokezi vingi vikiwa wazi, na mapigo yaweza kupanda kupita yalivyokuwa kabla ya matibabu, huku mgonjwa akitokwa jasho, akitetemeka mikono na presha ikipanda. Wengi hudhani ugonjwa umerudi. Kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, hali hiyo yaweza kuleta maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo.

Kwa hiyo anza kwa daktari, umweleze bila kuficha kwa nini unataka kuacha, iwe ni uchovu, mikono na miguu kuwa baridi, ndoto za kutisha, pumu au gharama, kwa sababu huenda kinachohitajika ni kupunguziwa dozi au kubadilishiwa dawa tu. Mkikubaliana kuacha, dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, mara nyingi kwa wiki moja hadi mbili, na kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda mrefu zaidi. Katika kipindi hicho epuka kazi nzito na mazoezi makali. Kabla ya kukata kidonge muulize mfamasia, kwani vile vinavyoachia dawa polepole havisagwi wala havitafunwi.

Kila asubuhi pima mapigo. Kaa umetulia kwa dakika 5, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, kisha hesabu kwa sekunde 60 kamili. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4 hupotosha pale mapigo yanaporukaruka. Andika idadi hiyo pamoja na dozi ya siku. Mapigo yakipanda kidogo kidogo, mpigie daktari, ambaye huenda akakurudisha kwenye dozi iliyotangulia. Lakini kifua kikibana, ukizirai, ukikosa pumzi, au moyo ukiendelea kwenda mbio hata ukiwa umepumzika, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ninalolihofia zaidi ni kuacha bila kukusudia: dawa imekwisha dukani, safari ya kwenda kijijini imerefuka, au mtu amekaribia kufanyiwa upasuaji akadhani anapaswa kuacha kila kitu. Hesabu vidonge kabla ya kusafiri, ubebe vya ziada, na usiache dawa hizi kwa ajili ya upasuaji mpaka daktari aseme. Anayefunga Ramadhani amuulize daktari mapema kama dozi zake zinaweza kuhamishiwa futari au daku.

Kama una mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka bila mpangilio, na unatumia pia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usiiache kwa kuwa tu umeacha beta-bloka. Hatari ya kiharusi haiondoki kwa mapigo kutulia, na dawa hiyo huamuliwa peke yake.