Namna ya Kupima na Kurefusha Umbali wa Kidhibiti cha Gemu Kisicho na Waya Nyumbani

Kidhibiti cha gemu, ambacho wachezaji wengi hukiita pedi, kikifika mwisho wa uwezo wake wa kuwasiliana na konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu, hakizimiki papo hapo. Dalili ya kwanza huonekana kwenye kioo cha televisheni: unasukuma kijiti mbele, mhusika anakimbia, unakiachia kijiti kikarudi katikati, lakini mhusika anaendelea kukimbia kitambo kidogo hadi anajigonga ukutani, kwa sababu ujumbe wa kwamba kidole kimeondoka haukufika na konsoli bado inashikilia agizo la mwisho ililolipokea. Mchezaji asiyejua hilo hukilaumu kijiti, pengine akaenda kununua kidhibiti kingine, ilhali alichonacho ni kizima na tatizo liko katika njia wanayopita mawimbi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba upime kwanza kabla ya kutoa fedha yoyote.

Vidhibiti vingi vya leo hutumia Bluetooth au mfumo wa redio uliobuniwa na kampuni yenyewe, na aghalabu hurusha mawimbi katika masafa ya gigahezi 2.4. Kifaa cha Bluetooth cha daraja la pili hurusha kwa nguvu isiyozidi miliwati 2.5, na umbali unaotajwa kwa daraja hilo ni kama mita 10. Usiichukue mita 10 kuwa mpaka uliochorwa sakafuni. Mahali palipo wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu inayofika hupungua hadi robo, iwe unatoka mita 2 kwenda 4 au mita 4 kwenda 8, na ndani ya nyumba ya kawaida upungufu huo peke yake ni nadra kukata mawasiliano. Kinachokata ni vitu vilivyosimama katikati. Nyumbani kwangu kidhibiti kilifanya kazi bila kusita hadi mwisho wa korido, hatua kumi na mbili kutoka kwenye konsoli, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Jikoni, ambako ni hatua tano tu, kilishindwa kabisa, kwa kuwa friji lilisimama katikati ya njia.

Ili kupima, chaji betri ijae kwanza, usije ukachanganya udhaifu wa betri na udhaifu wa mawimbi. Fungua ukurasa wa kujaribu vitufe katika mipangilio ya konsoli au kompyuta, na kama haupo, fungua gemu yoyote ambayo mhusika anaweza kuzunguka uwanjani bila kuzuiwa. Mwombe mtu akae mbele ya televisheni, kisha wewe uzungushe kijiti polepole bila kukoma huku ukiondoka hatua mbili mbili, na yeye apaze sauti mara tu anapoona mwendo unaruka au unaganda. Katika kila kituo geuka pande zote nne, na ukishike kidhibiti chini karibu na mapaja kama ukishikavyo unapokaa kucheza, kwa maana kukiinua hewani hukupa matokeo mazuri ambayo hutayaona siku ya kucheza kwa dhati. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, hata iwe mbaya, na uweke alama mbili: pale mwendo ulipoanza kuruka na pale mawasiliano yalipokatika. Eneo lililo kati ya alama hizo ndilo linalowadanganya watu wengi, kwani taa ya kidhibiti huonyesha kwamba kimeunganishwa ilhali gemu yenyewe haichezeki. Rudia matembezi yaleyale usiku, wakati kila mtu nyumbani na kwa majirani anatumia intaneti, kwa kuwa matokeo ya asubuhi tulivu peke yake hayatoshi.

Ukiona kwamba mwendo unaruka pale tu unapoipa konsoli mgongo, umekwisha kupata kizuizi cha kwanza, nacho ni wewe mwenyewe. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, tangi la samaki nalo hufanya hivyohivyo. Chuma ni kibaya zaidi, kwa kuwa huyarudisha mawimbi yalikotoka. Katika kundi hilo weka friji, mlango wa chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia ambacho kwa nyuma kimepakwa utando wa madini, na ukuta wa zege wenye nondo nyingi. Mbao na plastiki hupunguza kidogo tu.

Kwa sababu hiyo, tiba inayofanya kazi mara nyingi kuliko zote haigharimu chochote: isogeze konsoli. Watu hupenda kuificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, na mahali hapo ni pabaya kwa kuwa televisheni ina bamba kubwa la chuma ndani yake. Itoe mbele, iinue hadi usawa wa kiuno au juu zaidi ili mawimbi yapite juu ya meza na viti, na uiache mbali kidogo na vifaa vingine vya umeme. Hata sentimita chache zina maana. Urefu wa wimbi moja katika masafa hayo ni kama sentimita 12.5 tu, na mawimbi yanayorudi kutoka kwenye kuta hukutana na yale ya moja kwa moja, mahali pengine yakaongezeana nguvu na mahali pengine yakauana, hivyo kusogeza kifaa kiasi cha upana wa kiganja kunaweza kukitoa mahali ambapo mawimbi yamekufa.

Wanaochezea kompyuta wana mitego yao miwili. Wa kwanza ni antena. Bodi kuu nyingi (sahani ya ndani ya kompyuta inayobeba vifaa vyake vikuu) zenye Wi-Fi huitumia antena hiyohiyo kwa Bluetooth, na mtu anayetumia waya wa intaneti huziacha antena kwenye boksi akidhani hazihitaji. Kidhibiti chake hukatika akiwa mita 2 tu kutoka mezani. Zifunge nyuma ya kompyuta hata kama Wi-Fi huitumii. Wa pili ni USB 3.0, aina ya USB yenye kasi kuliko USB 2.0. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia katika masafa ya gigahezi 2.4, kwa hiyo kipokezi kidogo cha kidhibiti, kile kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kikichomekwa kando ya diski ya nje ni kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono kando ya mashine ya kusaga. Tumia waya wa kurefusha wa USB 2.0, ukiweke kipokezi juu ya meza mahali kinapoonana na mchezaji. Waya huo usizidi mita 5.

Rauta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, nayo iangaliwe. Bluetooth ya kawaida hugawanya masafa yake katika chaneli 79 na huruka kutoka moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, ikiziepuka zile zinazosumbuliwa. Wi-Fi yenye upana wa megahezi 20 huchukua kama robo ya nafasi hiyo, na ukiiachia megahezi 40 huchukua karibu nusu. Ingia katika mipangilio ya rauta, uifunge gigahezi 2.4 kwenye megahezi 20, kisha uhamishie simu na televisheni kwenye gigahezi 5. Oveni ya maikrowevu husumbua pia, lakini kwa dakika inazowaka tu.

Ikiwa unataka kuchezea katika chumba cha mbali, usihangaike kurefusha umbali wa kidhibiti. Wii U ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2012, ilikuwa na kidhibiti chenye kioo kilichopokea picha moja kwa moja kutoka kwenye konsoli, na nacho kilibanwa na kuta vilevile. Siku hizi ni afadhali urushe gemu kupitia Wi-Fi ya nyumbani hadi kwenye simu au kishikwambi, uunganishe kidhibiti na kifaa hicho kilicho mbele yako, na konsoli iunganishwe na rauta kwa waya. Hapo kidhibiti kinavuka mita moja tu, na kazi ya kupenya kuta inabaki kwa rauta. Fahamu tu kwamba baadhi ya vidhibiti hukumbuka kifaa kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo utakaporudi sebuleni kidhibiti kitaendelea kuitafuta simu. Weka waya wa USB kando ya konsoli, ukichomeke kidhibiti na ubonyeze kitufe cha kuwashia ili viunganike upya.