Damu uwanjani: namna ya kumhudumia mchezaji bila kumuuliza hali yake

Jumapili iliyopita pale Kibirizi beki wetu wa kushoto aligongana vichwa na mtu, nyusi ikapasuka, damu ikamjaa usoni. Kijana ninayemfundisha kazi ya boksi la huduma ya kwanza akakimbia nalo, akafika, akasimama na shashi mkononi. Halafu akanigeukia: "Kaka, huyu yuko salama?" Yaani, hana VVU? Benchi zima likasikia, na beki mwenyewe akasikia.

Mdogo wangu, mwongozo huu ni wako, na wa yeyote aliyepewa boksi akaambiwa "wewe ndiye dokta". Mimi pia si daktari. Nilipata mafunzo ya huduma ya kwanza tu, mengine nimeyajua kwa kukosea.

Hatua ya 1: Boksi

Glovu, shashi, bandeji, plasta, sabuni, dumu la maji safi, mfuko wa plastiki wa taka na chupa ya Jik. Glovu chukua za mpira za kutupa, pea kumi au zaidi. Wapo wanaofunga mifuko ya rambo mikononi. Mimi siikubali hata kidogo, inateleza na kuchanika.

Hatua ya 2: Kabla ya filimbi

Kagua mikono. Nusu ya timu yetu ni wavuvi wa dagaa, ndiyo maana mechi kubwa tunazipanga wakati wa mbalamwezi, wanapopumzika. Wanakuja na vidole vilivyochanwa na nyuzi za nyavu. Kila mchubuko uoshe na uufunike kwa plasta isiyopitisha maji. Damu ya mwenzake haina njia ya kupita kwenye ngozi nzima. Njia yake ni kidonda, jicho au mdomo.

Hatua ya 3: Mtoe nje

Sheria ya 5 ya soka inamtaka refa ahakikishe mchezaji anayetoka damu anatoka uwanjani. Harudi mpaka refa aridhike kuwa damu imekatika na jezi haina damu. Kwa hiyo uwe na jezi ya akiba. Vaa glovu, bana kidonda kwa shashi, usifunue kila sekunde kuchungulia. Kikiwa kimeachana mdomo, peleka akashonwe.

Hatua ya 4: Kusafisha damu iliyomwagika

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Msimu wangu wa kwanza tulikuwa tunavalia kwenye chumba cha kuazima. Benchi likachafuka damu. Nikaimwagia Jik juu yake vilevile bila kuifuta, na kwa kuwa niliona haitoshi nikaongeza dawa ya kusugulia choo iliyokuwa kona. Ile dawa ina asidi. Ikikutana na Jik hutoa gesi ya klorini. Timu mbili zilitoka mbio zikikohoa na macho yakichuruzika machozi, tukakaa chini ya mwembe karibu saa mbili tukisubiri chumba kipumue. Jik ichanganye na maji tu. Usiichanganye na kitu kingine chochote.

Hesabu yake ni hii. Tunataka klorini ya asilimia 0.5. Soma asilimia ya klorini kwenye lebo, igawe kwa 0.5, kisha toa moja: jibu ndilo vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha Jik. Lebo ikisema 3.5, unapata 7, ukitoa moja ni 6. Kifuniko kimoja cha Jik, sita vya maji. Lebo ikisema 5, maji ni vifuniko tisa. Usikadirie kwa harufu.

Changanya siku ileile ya mechi. Iliyokaa tangu Jumamosi kwenye chupa nyeupe juani imeshapoteza nguvu. Na usiiweke kwenye chupa ya soda, kuna watoto.

Kisha, ukiwa na glovu, futa kwanza damu kwa shashi au karatasi, kwa sababu damu yenyewe huimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Ndipo umwagie mchanganyiko, uache dakika 10, ufute. Uwanja wetu ni vumbi: mwagia, subiri, kwangua udongo ule uufukie pembeni. Kwenye kidonda Jik haiendi, iwe kali au iliyopozwa. Wala kwenye jezi, kama hutaki namba 3 ionekane kama chui. Jezi loweka kwa maji ya baridi na sabuni. Ya moto hugandisha doa.

Utaniuliza kwa nini usumbufu wote huu ikiwa VVU havidumu sana nje ya mwili. Kwa sababu ya homa ya ini B, mdogo wangu. Kirusi chake kinaweza kukaa kwenye benchi kavu siku 7 na bado kikaambukiza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wakimbiaji wa mbio za msituni nchini Uswidi waliambukizwa homa ya ini kwa mamia, watu waliochanwa miguu na vichaka. Ndiyo maana nimepiga marufuku ndoo moja ya kunawia vidonda. Chanjo ipo, sindano tatu. Mimi nimechanja, nawe kachanje.

Hatua ya 5: Damu ikikuingia

Ikiangukia ngozi nzima, nawa kwa sabuni. Ikiingia kwenye kidonda chako, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue. Jichoni, suuza kwa maji mengi. Halafu usilale nalo. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimi huwapeleka Maweni. Dawa za PEP, za kuzuia VVU visikushike, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Humezwa siku 28 bila kuruka.

Hatua ya 6: Mdomo

Kocha mmoja alitaka wachezaji wote wapimwe kabla ya usajili. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 hairuhusu kumpima mtu kwa lazima namna hiyo, na majibu ni siri yake. Nilimkumbusha Magic Johnson, mcheza kikapu wa Marekani: alitangaza ana VVU na kuacha kucheza Novemba 1991, mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona na timu ya Marekani. Baadaye mwaka huohuo aliachia ngazi tena, maana wachezaji wenzake walianza kuogopa kucheza naye.

Ukifanya hatua ya 1 mpaka ya 5 kwa kila mtu, hilo swali lako la Jumapili halina kazi. Beki ameshonwa nyuzi nne. Mpitie nyumbani umwombe radhi, na ukirudi upite sokoni Mwanga uchukue glovu, zimebaki pea tatu.