Kemikali ikimrukia mwanafunzi jichoni
Asidi, au alkali kama sodiamu haidroksaidi, ikimrukia mwanafunzi jichoni wakati wa jaribio la kemia, mpeleke kwenye bomba papo hapo na uanze kumwosha kwa maji safi yanayotiririka polepole, kabla hata ya kwenda kumwita mtu mwingine. Mwinamishe kichwa upande wa jicho lililoumia ili maji yatiririke kutoka upande wa pua kuelekea sikioni, yasije yakaingia katika jicho lisiloumia, huku ukimshikilia kope zote mbili zikiwa wazi, kwa sababu maumivu yatamfanya alifumbe kwa nguvu na kemikali itabaki imejificha chini ya kope. Endelea kwa dakika 20 kamili ukitazama saa, hata akisema amepata nafuu.

Usimruhusu alifikiche, na usijaribu kuzimua asidi kwa alkali wala alkali kwa asidi, maana mchanganyiko huo hutoa joto na kulichoma jicho zaidi. Alkali ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa hupenya ndani ya jicho haraka kuliko aina nyingi za asidi. Baada ya kumwosha, mpeleke hospitali akiwa na jina la kemikali hiyo na kiwango chake cha ukolezi, vilivyonakiliwa kutoka kwenye lebo ya chupa.

Shule ambayo bomba lake hukauka mara kwa mara, na ziko nyingi, iweke ndoo yenye koki, iliyojaa maji safi na kufunikwa, kabla jaribio lolote halijaanza.