Jinsi ya kuwafundisha watoto sayari zilivyotokea kwa uzi, jiko la mkaa na nati tatu

Nafundisha fizikia sekondari huku Vwawa. Kwa miaka mingi nilianza mada ya mfumo wa jua kama nilivyofundishwa mwenyewe: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, mpaka Neptuni, karirini. Siku moja msichana wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona zile kubwa zote zimekaa mbali?" Tangu hapo naanza na swali lake. Mpangilio wa sayari una sababu, na mtoto akiishika sababu, majina yanamkaa kichwani yenyewe.

Tafuta bomba la peni iliyokwisha wino, uzi imara wa mita moja, na kifutio. Pitisha uzi ndani ya bomba, funga kifutio upande wa juu, shika ncha ya chini. Zungusha kifutio juu ya kichwa, kisha vuta uzi kwenda chini taratibu. Duara likipungua, kifutio kinashika kasi. Acha kila mtoto ajaribu, maana jambo hili mkono hulielewa kabla ya kichwa. Usitumie nati hapa. Mwaka wa kwanza niliitumia, ikachomoka na kumpiga kijana begani.

Sasa waeleze. Miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita, wingu la gesi na vumbi lilijivuta kwa uzito wake lenyewe. Lilikuwa linazunguka polepole, na kadiri lilivyosinyaa likazunguka kwa kasi zaidi, likalala bapa kama chapati iliyovimba katikati. Ile sehemu iliyovimba ndiyo ikawa Jua. Ukiwa na simu, waonyeshe picha ya nyota changa HL Tauri iliyopigwa mwaka 2014 na darubini za ALMA kule Chile: chapati yenyewe inaonekana, na mistari myeusi ya duara ndani yake. Darasa langu hunyamaza kimya hapo.

Kisha weka mezani sukari ya kilo moja na kijiko cha chai. Kama kilo nzima ni mfumo wa jua, sayari zote kwa pamoja hazifiki gramu mbili. Kijiko hakijai. Kila tunachokiita dunia ni makombo ya kazi ya Jua.

Makombo hayo yalishikanaje? Hapa sina haja ya kifaa. Waambie wachungulie uvunguni mwa kitanda: vumbi lisilofagiwa hujikusanya lenyewe likawa kama kipande cha pamba. Punje zilianza hivyo, zikawa kokoto, zikawa miamba ya kilomita kadhaa. Kuanzia hapo mvutano wa miamba yenyewe ukawa unaigonganisha na kuiunganisha.

Sasa lile swali la msichana. Fanyeni nje, asubuhi kukiwa bado na baridi. Ukiwa Pwani, wahi zaidi. Washa jiko la mkaa. Chukua vizibo vitatu vya soda, na katika kila kimoja weka nati moja na kipande cha mafuta ya kupikia ya mgando. Kizibo cha kwanza kiwe shubiri moja kutoka jikoni, cha pili shubiri mbili, cha tatu shubiri tano. Subirini, msikisogeze kitu. Cha kwanza mafuta yanayeyuka, nati inabaki peke yake. Cha tatu vyote viwili vipo vilevile.

Nati ni mwamba na chuma, mafuta ni barafu. Karibu na Jua barafu haikuweza kukaa (angani haiwi maji, inageuka mvuke moja kwa moja), kwa hiyo sayari za ndani zilijengwa kwa mawe na chuma tu, ambavyo vilikuwa vichache. Mbali, takriban mara tatu ya umbali wetu na Jua, barafu ilibaki na malighafi ikawa tele. Jupita ikanenepa haraka, ikaanza kuvuta na gesi yenyewe kabla haijatawanyika, hadi leo ina uzito wa Dunia 318. Wape watoto nafasi waseme jibu wao kabla yako. Watalisema.

Mkiweza, malizieni kwa safari ya Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka angani huku kwetu wilayani Mbozi. Ni chuma asilimia 90 na nikeli zaidi ya asilimia 8, zaidi ya tani kumi. Vimondo vingi vya chuma ni vipande vya viini vya sayari ndogo za mwanzo: ziliyeyuka, chuma kikazama katikati, kisha zikagongana na kupasuka. Beba ile nati ya kizibo cha kwanza. Mtoto aishike mkono mmoja, na mkono wa pili auweke juu ya kimondo.