Namna ya Kumsomesha Mtoto Nyumbani kwa Masomo ya Serikali ya Mtandaoni
Mzazi wa Kisumu ambaye mwanawe anauguza mguu nyumbani, iwe Nyalenda au Manyatta, asikubali muhula upotee bure, kwa kuwa KICD, taasisi ya serikali inayotayarisha mitaala ya Kenya, huweka masomo katika tovuti yake ya Kenya Education Cloud.

Kwanza mwombe mwalimu wa darasa akuandikie mada za kila juma, maana tovuti haitamwambia mtoto wenzake wamefika wapi. Video humaliza bando upesi. Basi asome maandishi kwanza, na video ziwekwe kwa mada ngumu, hasa majaribio ya sayansi.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni ratiba. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 hadi ya 6 asome kwa vipindi vya dakika 35, kama darasani, daftari likiwa mezani, na mtu mzima akague jioni, kwani anayetazama skrini bila kuandika husahau haraka. Kazi iliyokamilika ipigwe picha, atumiwe mwalimu.

Jina la mtoto lisiondolewe shuleni, kwa sababu usajili wa mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya, hupitia shule au kituo kinachotambuliwa.